Kilichodondoka Uani kwa Vuai

Paukwa!

"Pakawa!"

Hiyo pakawa ya watu walioshiba au ya wagonjwa? Paukwa!

"Pakawa!"

Haya, hiyo nimeisikia. Sogeeni. Wewe mwenye muhogo, tafuna taratibu, nisije nikashindana na meno yako.

Hapo kale, kale ya wazee wa wazee wetu, palikuwa na kijiji kando ya bahari. Jina lake silisemi, maana hata nikilisema hamtafika. Kijiji hicho kilikuwa na minazi mingi kuliko watu, na minazi haina adabu. Wa huyu unainamia kwa yule, wa yule unainamia kwa huyu, na kila siku ugomvi. Basi wazee wakakaa, wakaweka desturi: nazi ikidondoka uani kwako ni yako, hata kama mnazi ni wa jirani. Kwani aliyehatarisha kichwa ni nani? Si wewe? Watu wakaridhika, ugomvi ukaisha.

Kijijini humo alikuwepo Bi Mize, bibi kizee mwembamba, hacheki ovyo. Mume hana, mtoto hana. Mtu wake duniani alikuwa mmoja tu, kaka yake Mzee Khatibu, ambaye alikuwa haoni. Asubuhi humshika mkono akampeleka kuota jua, jioni humrudisha. Watu wakitaka shauri humwendea Bi Mize, naye huwajibu huku anakuna nazi, hata kichwa hainui.

Na alikuwepo Vuai. Vuai alijenga nyumba ya mawe mwisho wa kijiji, kule upepo wa bahari unakoishia. Ua wake akauzungushia ukuta pande tatu. Upande wa nne, unaotazama kijiji, akauacha wazi. Mnajua kwa nini? Nazi hubingirika, jamani. Upepo ukivuma zinakwenda zenyewe mpaka ndani, na Vuai amekaa kwenye kigoda anazipokea.

Siku moja bahari ikanyamaza. Ndege wakaondoka wote. Bi Mize akatazama juu, akaweka mbuzi yake ya kukunia nazi chini. Akasema, "Twendeni msikitini."

Msikiti ulikuwa wa mawe na chokaa. Watu wakauliza, "Kuna swala gani saa hizi?"

"Mtaijua mkifika."

Wakaenda. Na tufani nayo ikaja.

Vuuuu! Paa la kwanza, fyuu! Paa la pili, fyuu! Minazi, kha! kha! kha! Vuuuu! Bahari ikapanda, ikaingia visimani, ikapiga hodi msikitini na haikungoja kukaribishwa. Milango iliruka. Vitanda viliruka. Vinu peke yake havikuruka. Kinu kina akili.

Mzee Khatibu hakufika msikitini. Mnazi ulimwangukia njiani, na mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa dada yake.

Upepo ulipotulia, wakazika. Bi Mize alimzika kaka yake pamoja na wengine waliozikwa siku hiyo. Alilia mpaka sauti ikakauka. Kisha akajifunga kanga kiunoni, akauliza waliobaki wamelala wapi.

Walikuwa hawajalala popote. Msikitini maji yalifika magotini. Nyumba zilibaki kuta tu. Mvua ya mkia wa tufani ilikuwa inanyesha, haina haraka. Na Mboja, mke wa mvuvi mmoja aliyezikwa asubuhi ile, alikuwa amejikunyata ukutani na mtoto mchanga, hata kitovu chake hakijadondoka. Vidole vya mtoto vilikuwa baridi. Alikuwa ameacha kulia, na mtoto wa umri ule akiacha kulia ndipo mama anapoogopa.

Paa lake Mboja lilionekana. Karibu kila kitu kilionekana. Vilikuwa uani kwa Vuai! Upepo ulivisukuma vyote mpaka kwenye zile kuta tatu, vikanasa. Mapaa mazima mazima ya makuti, milango, vitanda, mikeka, jogoo mmoja hana manyoya, na mbuzi amesimama juu ya mlango wa mtu. Nyumba ya Vuai haikutikisika. Vuai alikuwa kwenye kigoda.

Mboja akaenda. "Hodi, jirani."

"Karibu."

"Nimekuja kuchukua paa langu. Lile pale."

Vuai akalitazama. "Limedondoka wapi?"

"Hapa."

"Basi."

"Vuai, mwanangu anakufa kwa baridi."

"Pole sana, Mboja. Lakini nazi zangu mlipoziokota ninyi, nani aliniambia pole?"

Wakaja wengine. Limedondoka wapi? Hapa. Basi. Kimedondoka wapi? Hapa. Basi. Hakuna aliyeweza kumjibu, kwa sababu hakuna ambaye hajala nazi ya jirani. Wanaume wakaenda kutafuta mapanga. Wakakuta mapanga nayo yako uani kwa Vuai. Wakashika magongo.

Bi Mize akawasimamisha njiani. "Mnakwenda wapi?"

"Kumpiga Vuai."

"Wekeni chini. Desturi ni desturi. Vuai ana haki yake."

Ala! Watu wengine wakasema bibi wa watu msiba umemchanganya. Bi Mize hakuwasikiliza. Akatembea polepole mpaka uani kwa Vuai, akapita katikati ya vitanda, akatafuta mahali pakavu chini ya paa la Mboja. Akapapangusa kwa mkono. Akajiachia chini. Puu!

Vuai akainuka. "Bibi! Umeumia?"

"Hapana. Nimedondoka."

"Inuka basi."

"Niinuke niende wapi? Nimedondoka uani kwako. Mimi ni wako."

"Lakini wewe hukuletwa na upepo!"

"Nazi zote huletwa na upepo? Nyingine hudondoka kwa uzee tu. Nami ni mzee." Akajinyoosha. "Na mtu cha kwake hukitunza. Leo tunakula nini?"

Mboja alikuwa amesimama pale. Akaelewa. Akaingia, akadondoka pembeni ya Bi Mize, taratibu kwa sababu ya mtoto. Puu! Bi Mize akamchukua mtoto, akamweka kifuani ndani ya kanga, akamwambia Vuai, "Huyu naye wako. Amepoa. Lete moto."

Vuai akafungua mdomo. Kabla hajasema, mkewe Kazija alikwisha leta moto.

Basi kijiji kizima kikaanza kudondoka. Puu! Puu! Wenye magongo wakayaweka kando, puu! Mzee Kombo, mnene, akadondoka vibaya akainuka akarudia. Puu! Mpaka hapakuwa na pa kukanyaga. Na kila aliyedondoka aliuliza swali lile lile: "Leo tunakula nini?"

Walikula muhogo wa Vuai, na nazi za Vuai, zile zilizobingirika. Walilala chini ya mapaa, ambayo ni ya Vuai, juu ya mikeka, ambayo ni ya Vuai. Na kila mwenye shida alimwendea mwenyewe.

"Baba, naumwa jino."

"Baba, huyu amelalia mguu wangu."

"Baba Vuai, kisima kina chumvi, tunywe nini?" Huyu alikuwa Mzee Kombo, ambaye alimzidi Vuai umri kwa mbali.

Kazija alikuwa anapuliza moto chini ya chungu kikubwa, macho yanamtoka machozi kwa moshi. Akasema, "Mume wangu, umetajirika."

Vuai hakulala. Kulipopambazuka akasimama juu ya kigoda, akapiga kelele. "Chukueni vitu vyenu!"

Bi Mize akafumbua jicho moja. "Vya nani?"

"Vyenu!"

"Sema polepole. Mzee Kombo hasikii vizuri."

Akasema polepole. Paa la Mboja ni la Mboja. Mlango huu ni wa Kombo. Jogoo hakumjua ni wa nani, na jogoo mwenyewe alikuwa hajitambui. Watu wakainuka, wakabeba. Walianza na paa la Mboja, na pembe moja alibeba Vuai mwenyewe, mbio, maana alitaka waondoke. Jioni mtoto alikuwa ndani, pakavu, ana joto. Akalia. Kijiji kizima kikasimama kumsikiliza analia, na watu wazima wakafuta machozi.

Vuai akarudi nyumbani. Ua mweupe. Akashusha pumzi. Akageuka, akamwona Bi Mize palepale.

"Bibi, na wewe je?"

"Paa langu halikuonekana. Nadhani liko baharini. Mimi nimebaki nazi yako."

Akabaki. Miaka. Alimsumbua Vuai, jamani! Uji una moto, uji umepoa. Kigoda hiki ni cha nani? Sogea. Akamfundisha kutazama ndege na kuisikiliza bahari inaponyamaza. Watu wakija kuuliza shauri, humkuta uani anakuna nazi, na Vuai amekaa chini anamshikia bakuli.

Hata siku moja Bi Mize akafa, kwa uzee tu. Kijiji kikaja na jeneza kumchukua, azikwe karibu na kaka yake. Vuai akasimama pale palipo wazi, akatandaza mikono. Machozi yalikuwa yanamtiririka, hayafuti.

"Hapiti," akasema.

"Vuai, bibi huyu si wa kwenu. Hamna hata udugu."

"Alidondoka wapi?"

Mboja akajibu, na mtoto wake, sasa mkubwa, amemshika mkono. "Hapa."

"Basi."

Wakamzika uani kwa Vuai. Vuai akatoa mawe ya ukuta wake kujengea kaburi, na ukuta hakuurudishia.

Kijiji kile mpaka leo nazi ikidondoka kwako ni yako, kula. Lakini likidondoka paa, kwanza unakwenda mvuani kuuliza nani amelala nje, na ukimwona aliyebaki peke yake, huyo ndiye wako. Hilo ndilo funzo, na asiyelisikia akamuulize jirani.

Nimechoka. Hadithi yangu imedondoka hapa.

Imedondoka wapi?

"Hapa!"

Basi.