Lubaba na Mtufaha wa Shitawi

Inasimuliwa kwamba katika mji mdogo wa Zarandaka, juu kwenye milima ya nchi ya Khurasani, aliishi zamani mwanamke mcha Mungu aliyeitwa Lubaba binti Hurayth. Mumewe alikwisha kufariki, na hawakujaaliwa mtoto. Uani kwake palikuwa na mitufaha saba aliyorithi kwa baba yake, na hapakuwa na miwili iliyofanana. Mmoja ulizaa matunda mekundu hadi ndani kabisa. Mwingine, matunda yake yakiiva mbegu hulegea, ukilitikisa moja sikioni unazisikia. Wa saba uliitwa Shitawi, na huo haukujulikana kuwapo popote pengine. Tufaha lake lilikuwa la kijani chenye madoa kama ya kutu, na siku ya kuchumwa lilikuwa kali hata mlaji hukunja uso. Lakini likilazwa katika majani makavu ya ngano kwa siku arubaini, huwa tamu, na harufu yake huenea nyumba nzima. Matabibu wa kale walilisifu kwa wagonjwa wa moyo, na mzee Hurayth, Mungu amrehemu, alikuwa akilipeleka kwa wagonjwa tu.

Mtufaha mwema hauotesheki kwa mbegu. Hukatwa kitawi chake kikabebeshwa juu ya shina la mtufaha wa mwitu, vikashikana vikawa mti mmoja. Lubaba aliijua kazi hiyo tangu utotoni, na aliyemwomba kitawi hakumnyima, ingawa cha Shitawi hakuna aliyekitaka, kwa ukali wa tunda lake. Watu walimletea pia matufaha yao ili awatajie ni ya aina gani. Hupiga bismillahi, akafumba macho, akatafuna taratibu, akataja.

Ikawa mwaka mmoja alikwenda kuhiji pamoja na ndugu yake Bukayr, na safari yao ikachukua miaka miwili kasoro miezi michache. Nyuma yao ikaja baridi isiyo na mfano. Waliporudi, jirani aliyeachiwa ua aliwaeleza kwamba matawi ya Shitawi yalikauka, naye akayakata, na sasa mti umechipua upya. Lubaba alimhimidi Mola wake. Masika yale na yaliyofuata akagawa vitawi vya machipukizi, mti usije ukapotea kabisa, kwa nyumba kumi na moja, za mjini na za bondeni.

Mwaka wa tatu mti ulizaa. Kwa sura matunda yalikaribiana na yale ya zamani, ila yalikuwa makubwa kidogo. Lubaba akachuma moja, akapiga bismillahi, akauma. Lilikuwa tamu papo hapo.

Akaliweka kando. Kisha akapiga magoti akafukua udongo shinani, akaliona kovu mahali baba yake alipobebesha kitawi miaka mingi nyuma. Juu ya kovu mti ulikuwa umekufa. Chipukizi lilitoka chini yake. Shitawi uliuawa na baridi, na kilichosimama pale ni shina la mwitu.

Akaurudishia udongo, asimwambie mtu ila Bukayr. Majirani wakaja kuonja, na kwa kuwa wengi wao hawakupata kulila lile la zamani, wakastaajabu kwamba tunda halihitaji tena siku arubaini. Wakasema hiyo ni baraka ya hija yake. Lubaba alinyamaza, akijiambia kwamba kunyamaza si kusema uongo. Lakini tangu siku ile hakuipata ladha ya sala zake.

Kabla ya masika akafika tabibu mmoja, Sinan bin Mihran, kutoka hospitali ya mji mkuu. Alitaka vitawi sitini vya Shitawi kwa bustani ya wakfu, ili wagonjwa wapate tunda hilo kila mwaka. Lubaba akamkaribisha, akaingia ndani kumwandalia. Bukayr, aliyeijua siri yake, akamfuata.

“Dada, usiseme neno,” alinong'ona. “Watakula tunda tamu. Litawadhuru nini?”

“Watalila wakidhani ni dawa.”

“Na jina la baba? Watu watasema binti Hurayth aliuacha mti wa baba yake ufe, kisha akawagawia watu mti wa mwitu.”

“Watakuwa wamesema kweli,” alijibu Lubaba, akatoka na sinia.

Alipomaliza kumlisha mgeni wake, alimweleza yote. Tabibu akauliza, “Nani mwingine anayejua haya?”

“Ndugu yangu tu.”

“Basi ungeweza kunipa vitawi nikaenda zangu.”

“Umeniomba Shitawi, nami sina,” alisema Lubaba.

Tabibu akamwombea dua, akaondoka mikono mitupu. Kesho yake Lubaba akaanza kuzizungukia nyumba kumi na moja, kwa miguu. Mtu mmoja aling'oa mche mbele yake bila kumjibu salamu. Bibi mmoja kikongwe akamwambia, “Mwanangu, na mti wa mwitu nao kauumba Mungu. Uache hapo ulipo.” Wengine walimwonea haya, na hayo yalimuumiza kuliko hasira. Habari ya baraka ya hija ikageuka kuwa maneno ya sokoni, naye akayavumilia.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mfuga mbuzi aitwaye Farrukh, mwisho wa bonde. Lubaba alipokwisha kueleza, mke wa Farrukh, jina lake Gulnar, alimtazama mumewe.

“Basi hatuna bahati na Shitawi,” alisema. “Marehemu mama mkwe alipougua, mzee Hurayth alimletea kitawi akakibebesha hapa kwa mkono wake. Mti ukakua, lakini matunda yake makali, hayaliki. Ndiyo maana tukaja kwako kuomba kingine. Yale tunawapa mbuzi.”

Lubaba aliuliza kwa sauti ndogo kama yamebaki yoyote. Yalikuwapo machache ya msimu uliopita, yamesahauliwa chini ya majani makavu darini mwa banda la mbuzi. Gulnar akapanda kuyatafuta, na alipoinua majani akasita, kwa harufu iliyomjia. Lubaba akapokea moja, akapiga bismillahi, akafumba macho. Alitafuna kwa muda mrefu, na machozi yakamtoka.

Hata hivyo hakutangaza. Alichelea kukosea mara ya pili, kwa hiyo alisubiri mpaka mavuno, akachuma mwenyewe, akauma tunda likamkunja uso, akayalaza mengine siku arubaini, akayaonja tena mbele ya mashahidi. Ndipo akampelekea habari Tabibu Sinan. Masika yaliyofuata vitawi sitini vilikatwa, na Lubaba akashikilia kwamba katika hati ya wakfu pasiandikwe jina lake wala la baba yake, ila la Farrukh na Gulnar, wenye mti.

Siku moja Bukayr alimwuliza, “Na kama usingaliukuta, dada?”

“Ningalirudi nyumbani nikaswali,” alisema. “Nilikuwa nimeikosa ladha ya sala tangu siku niliponyamaza.”

Tuangalie basi, enyi ndugu katika imani, ni mambo mangapi tumeyafukia udongo na watu wakatusifu juu yake. Lubaba alitoka kwenda kukiri, hakutoka kutafuta mti. Mola atupe ulimi usiochoka kusema kweli, hata pale ambapo hakuna wa kutuuliza.