Klasi Iliyokosekana Siku ya Wageni

Isome hii polepole, kisha mpelekee yule mnayekaa naye meza jirani kazini.

Katika kampuni moja ndogo ya kutengeneza programu za kompyuta, mjini Moshi, alikuwapo kijana aitwaye Elifuraha. Kazi aliijua. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyeitwa programu yoyote ilipogoma. Kisha akaajiriwa Naserian.

Naserian alikuwa mwepesi wa kazi na mcheshi, na bosi wao, Mama Kileo, hakuchoka kumsifu. "Hebu muulizeni Naserian." "Naserian ameonaje?" Kila jina hilo lilipotajwa, Elifuraha alihisi kama ametiwa pilipili kifuani. Hata kicheko cha dada yule kilimkera.

Chuo kimoja kikaomba programu kwa ajili ya wanafunzi wake. Mwanafunzi aweke msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, alioandika kwa lugha ya Java, hata ukiwa shaghalabaghala, nayo impangie mistari ikae sawa. Naserian akatafuta maktaba ya kupanga msimbo, yaani kazi iliyokwisha kuandikwa na wengine, akaiunganisha. Kwenye kompyuta yake ikafanya kazi bila shida.

Wageni wa chuo walipokaribia kuja, Mama Kileo alimpa Elifuraha jukumu la kuijaribu kwenye seva, kompyuta kuu ambako wageni wangeoneshwa. Ikagoma. Ikatoa ujumbe mrefu wa kosa: klasi, yaani kipande kimoja cha programu, haipatikani.

Elifuraha akausoma hadi chini, akaelewa. Kipande kilichokosekana hakikuwa cha maktaba ile, bali cha maktaba nyingine ndogo ambayo ile huitegemea. Kwenye kompyuta ya Naserian ilikuwapo; wakati wa kuhamishia seva ikasahaulika. Dawa yake ilikuwa kuongeza faili moja tu.

Akanyoosha mkono, kisha akaurudisha. Acha aumbuke, akajisemea. Wamjue alivyo.

"Vipi, kaka Eli, inakwenda?" Naserian akauliza.

"Inateleza tu, dada. Usiwe na wasiwasi."

Kesho yake wageni wakaketi. Naserian akaifungua programu ile ya kwenye seva, akabonyeza. Klasi haipatikani. Akabonyeza tena, ujumbe ule ule. Elifuraha akainamisha uso, asije akaonekana anatabasamu.

"Ikiwa inawagomea ninyi wenyewe," mkuu wa wageni akasema, "wanafunzi wetu itawafanyaje?"

Wakashukuru kwa chai, wakaaga. Naserian alipoigundua ile faili iliyosahaulika, gari lao lilikwisha kutoka getini. Akawapigia simu. Wakamjibu kwa upole kwamba watatafuta kwingine.

Mama Kileo akaketi kwa uzito. "Pole sana, Eli mwanangu."

Elifuraha akashangaa. "Pole mimi, Mama? Mradi si wa Naserian?"

"Naserian anamfuata mumewe Mbeya mwisho wa mwezi. Alinisihi nisitafute mtu wa nje. Akasema mradi huu ukipita, uusimamie wewe, na nafasi yake uichukue wewe. Tulitaka kukuambia wageni wakishakubali."

"Nilitaka nikuachie kitu kizuri, kaka," Naserian akasema, machozi yakimlenga. "Nisamehe. Nimekuharibia."

Angeweza kunyamaza, hakuna aliyejua. Lakini aliombwa msamaha na yule aliyemkosea.

"Si wewe," akasema. "Jana ilinigomea. Nilijua kinachokosekana. Nilikuficha makusudi."

Mama Kileo akamtazama, akainuka, akatoka. Naserian alibaki akikunja nyaya za kompyuta yake polepole. Alipofika mlangoni akageuka.

"Ungeniambia tu, Eli. Tungecheka, tukaendelea."

Funzo: Wivu hukuonyesha sahani ya mwenzako, usijue kwamba chakula kilichomo unaandaliwa wewe. Ukiona kasoro katika kazi ya mwenzako na dawa yake unayo, sema mapema. Ukinyamaza ili aanguke, huenda ukaanguka naye.