Bi Pimbi na Nafasi ya Mbele Kabisa

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Nani huyo anapakawa kwa sauti ya njaa? Tena! Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa nini?"

"Pakawa mfereji!"

"Ulichimbwa kwa nini?"

"Kwa kucha na meno!"

"Utavukwa na nani?"

"Na ajuaye aendako!"

Haya, sogeeni. Wewe mrefu kaa nyuma, wenzako nao waone.

Hapo kale wanyama walichoka kuizunguka nchi nzima kila walipotaka kutoka bahari ya mawio kwenda bahari ya machweo. Wakaamua kuchimba mfereji. Panya buku wakachimba, ngiri wakachimba, muhanga wakachimba. Wakafika kwenye kilima, wakakitazama, wakasema hicho hapana. Badala yake wakajenga ngazi za maji. Meli inaingia, mlango unafungwa nyuma yake, kreee! Maji yanajaa, gwa-gwa-gwa, meli inapanda. Mlango wa mbele unafunguliwa, kreee! Meli inaingia ngazi ya pili. Hivyo hivyo mpaka juu ya kilima, halafu hivyo hivyo mpaka chini.

Sasa, upande wa mawio aliishi bibi mmoja mdogo, Bi Pimbi. Mdogo hasa, ukimweka kwenye kikapu unabaki na nafasi ya vitunguu. Binti yake wa pekee alikuwa ameolewa upande wa machweo. Siku moja mbayuwayu akamletea habari: "Bintiyo kajifungua salama, mtoto wa kike. Siku kumi na mbili zimebaki kufika arubaini. Njoo."

Kwao pimbi, siku ya arubaini bibi mzaa mama ndiye anayemtoa mtoto nje kwa mara ya kwanza. Na anayemtoa nje ndiye anayempa jina. Bibi mzaa mama asipofika, kazi inakwenda kwa bibi mzaa baba. Na huyo bibi mzaa baba, Mungu amweke, alipenda kuwapa watoto majina ya maradhi. Alisema maradhi yakisikia jina lake yanadhani yamekwisha fika, yanakwenda kwingine. Wajukuu zake watatu wa kwanza waliitwa Surua, Kikohozi na Tumbo-Kuuma. Na huyu wa nne alikuwa amekwisha kumwekea Mafua.

Bi Pimbi aliposikia habari ile alifurahi, kisha akaogopa. Akafunga unga wa uji wa mzazi, akatia pilipili manga na tangawizi, akashuka gatini kuchagua meli.

Palikuwa na meli tatu. Akaiendea ya kwanza, kubwa, ina ngoma na tarumbeta, chakula mara saba kwa siku.

"Inaingia mferejini?"

"Inaingia, bibi!"

"Inatoka upande wa pili?"

"Aa, inaingia, inaonja, inageuka, inarudi. Ya starehe hiyo."

"Starehe yenu njema," akasema Bi Pimbi. Akaiendea ya pili, nyeupe, mapazia ya hariri.

"Inaingia mferejini?"

"Haiingii, bibi. Inazunguka nchi yote. Miezi mitatu tu."

"Mafua atakuwa ameota meno," akasema Bi Pimbi. Akaiendea ya tatu, ndogo, rangi imebanduka, chakula ni boga asubuhi na boga jioni. Jina lake *Subira*.

"Inaingia mferejini?"

"Inaingia."

"Inatoka upande wa pili?"

"Inatoka," akasema Nahodha Kobe. Tena kobe wa nchi kavu, msiniulize unahodha aliupata wapi. "Siku tatu baharini. Siku saba mferejini. Jumla..." Akaanza kuhesabu kwa vidole, na vidole vyake mnavijua.

"Kumi," akasema Bi Pimbi. "Nipe chumba."

Akapewa chumba cha mbele chenye godoro la usufi. Hata hajakaa vizuri akasikia ndu! ndu! ndu! Meli ikainama. Ni Kiboko. Alikuwa ameshushwa kwenye ile meli ya kwanza, kwa sababu alimaliza chakula cha safari nzima kabla haijang'oa nanga. Sasa alitaka kuvuka ng'ambo awe kiboko wa kwanza kuonekana huko, watu wamshangae.

"Chumba cha mbele ni cha nani?" akauliza Kiboko.

"Ni changu, Bwana Mkubwa."

"Mimi ni mkubwa, cha mbele ni changu!"

Akamtoa Bi Pimbi na kikapu chake, akalala. Ikaja saa ya kula, zikapangwa sahani. Kiboko akasema, "Mimi ni mkubwa, ya mbele ni yangu!" Akala. Akaivuta ya pili ikawa mbele, akala. Akaivuta ya tatu ikawa mbele, akala. Abiria wengine, bata na kanga na mama sungura mmoja mwenye watoto sita, wakabaki kulamba miiko. Mtu mwenye adabu angeona haya. Mimi mwenyewe nimewahi kusukumwa kwenye foleni ya mchele na mtu wa namna hiyo, nawajua.

Bi Pimbi akalala nje siku tatu, juu ya lundo la kamba nene, amekumbatia unga wake.

Siku ya nne asubuhi wakafika mdomo wa mfereji. Nahodha Kobe akawakusanya abiria.

"Ndugu zangu. Mferejini hakuna upepo. Meli huvutwa kwa kamba. Anayevuta ni Nyati, anapita ukingoni. Nyati amevimba kwato. Tutangoja nusu mwezi."

Nusu mwezi! Bi Pimbi akakaa juu ya ile kamba, akalia. Alilia kweli, si kwa ujanja. Alimwona mjukuu wake shuleni, mwalimu anaita, "Mafua!" na darasa zima linacheka. Akajifuta machozi kwa upindo wa kanga yake. Akaitazama kamba. Akautazama ukingo wa mfereji, majani mabichi yameota kutoka hapo mpaka macho yanapoishia. Akasikia Kiboko anakoroma chumbani, khoroo, khoroo.

Akasimama. Akaiburuta ncha ya kamba mpaka ukingoni, akatengeneza kitanzi kikubwa, akaketi katikati yake. Akang'ata jani. Akaimba kwa sauti:

*Mbele ya mbele nimekaa,*
*Mbele ya mbele pananifaa!*

Khoroo, khoroo ikanyamaza. Dirishani kikatokea kichwa.

"We kibibi! Unafanya nini huko?"

"Nimehamia nafasi ya mbele, Bwana Mkubwa."

"Ya mbele ni hii yangu!"

"Hiyo yako iko mbele ya meli. Hii iko mbele ya hiyo."

Kiboko akatazama nyuma, akatazama mbele. Kweli, bibi alikuwa mbele yake.

"Huko kuna chakula?"

"Meza yake inaanzia hapa inaishia bahari ya pili. Wala husubiri kupakuliwa."

"Boga?"

"Majani mabichi, bwana wangu, yana umande."

Mate yakamdondoka Kiboko, ndo, ndo, ndo.

"Na tukifika ng'ambo, nani atafika kwanza?"

"Mimi niliye huku. Ninyi wa melini mtafika nyuma yangu. Lakini wewe kaa hapo, Bwana Mkubwa, usijisumbue. Nafasi hii inataka mwenye shingo nene, mimi nabahatisha tu."

"Toka!"

"Sitoki! Chumba umechukua, sahani umechukua, na hii pia?"

"Mimi ni mkubwa, cha mbele ni changu!"

Ndu! ndu! ndu! Akashuka. Akamkamata Bi Pimbi kwa ukosi, akamrusha melini, vuuu! Bi Pimbi akaangukia wapi? Kwenye godoro la usufi. Akajinyoosha. Kiboko akatia shingo kwenye kitanzi, akayaona majani, akapiga hatua moja akala, hatua ya pili akala. Kamba ikakaza, ng'iii! Meli ikatikisika. Maji yakasema chwaa, na *Subira* ikaingia mferejini.

Nahodha Kobe akaja mlangoni, uso umekunjamana.

"Bibi. Tunamdanganya mwenzetu."

"Nahodha, nitajie uongo mmoja niliousema."

Kobe akaenda kufikiri. Akafikiri siku mbili. Akakosa.

Wakafika kwenye ngazi. Kreee! gwa-gwa-gwa! kreee! Kiboko anavuta, meli inapanda. Abiria wanakula boga mpaka wanasaza, watoto wa mama sungura wamenenepa mashavu. Kiboko anakula majani na kuhema, hoi, hoi, hoi. Siku ya tano ya mfereji, juu kabisa ya kilima, akalala chini puu! Akageuza kichwa.

"We kibibi! Mbona natoka jasho, na ninyi wa nyuma hamtoki?"

Meli nzima ikaacha kutafuna boga. Hata bata walifunga midomo. Kiboko akijua, safari imekwisha, na huenda Bi Pimbi pia amekwisha. Akatoa kichwa dirishani.

"Jasho nalo huanzia mbele, Bwana Mkubwa."

Kiboko akafikiri. Hakuridhika. Akaanza kutoa shingo kwenye kitanzi.

"Nimechoka na nafasi hii."

"Umechoka?" Bi Pimbi akapiga makofi. "Nahodha! Nahodha! Bwana Mkubwa ameshindwa na nafasi ya mbele! Mtandikie huku nyuma kwa wanyonge, mimi nakwenda mbele. Nyie bata, nipisheni nipite!"

Akaruka mpaka ukingoni, mbio mbio mpaka kwenye kamba, akatia kichwa kitanzini kweli. Kitanzi kilimzidi mara ishirini.

"Nani ameshindwa?" akanguruma Kiboko.

"Si wewe?"

"Toka hapo! Mimi ni mkubwa, cha mbele ni changu!"

Vuuu! Godoroni tena. Na Kiboko akavuta kwa hasira, akavuta bila kula, akashuka ngazi zote za upande wa pili, kreee, gwa-gwa, kreee, kreee! Nahodha Kobe akajishika kofia na kulia, "Taratibu! Taratibu!"

Alfajiri ya arubaini *Subira* ikafika bahari ya machweo. Bi Pimbi hakungoja ngazi ya kushukia, aliruka na kikapu chake. Akakimbia, akakimbia, akafika. Bibi mzaa baba alikwisha simama kizingitini, mtoto mkononi, majirani wamejaa, mdomo ameufungua.

"Mjukuu wangu huyu nampa jina la Ma—"

"Hodi, mkwe! Pole na kazi, lete nikupokee."

Akampokea mtoto na kuvuka naye kizingiti, jua likampiga mtoto usoni, akapiga chafya. Bibi mzaa baba akasema, "Mnaona? Mnaona?" Lakini Bi Pimbi alikuwa amekwisha sema: "Mwanakheri." Vigelegele vikapigwa. Binti yake akalia, yeye akalia, na uji wa pilipili manga ukawekwa motoni.

Na Kiboko je? Kule gatini wanyama wa machweo walimzunguka kumshangaa.

"Wewe ndiye uliyefika kwanza?"

"Mimi! Meli nzima ilikuwa nyuma yangu!"

"Ulikaa wapi?"

"Mbele ya mbele. Hapakai mtu mdogo."

Maneno hayo yakamfikia Kifaru. Yakamfikia Tembo. Siku ya meli kurudi, Kiboko aliwahi alfajiri kushika nafasi yake, akamkuta Kifaru kitanzini na Tembo anamsukuma Kifaru. Wakagombana mpaka mchana. Nyati, kwato zimepona, akaja kuripoti kazini, akakuta kazi yake ina foleni.

Fundisho la ngano hii ni moja, nalo mlishike: wakubwa waheshimiwe. Waachieni nafasi ya mbele siku zote, wala msishindane nao. Na ujanja ni tabia mbaya mno. Bi Pimbi mwenyewe alimwambia hivyo mjukuu wake.

Ngano imefika gatini. Shukeni mmoja mmoja, msisukumane.