Mwosha Maiti na Mkono wa Bi Lubaba

Wamesimulia waliopokea kwa wakweli kwamba katika mji wa Wasit, zama za watu wema waliotutangulia, alikuwapo mjane mchamungu aliyeitwa Atika. Kazi yake ilikuwa kufuma sufi, na kwa ajili ya Mola wake akiwaosha maiti wa kike bila ujira. Alikuwa na desturi moja aliyoishika kama alivyoishika sala: akionacho juu ya maiti, kiwe kovu au uso uliosawijika, hukifunika pamoja na sanda. Wanawake wa mtaani walimchokoza mara nyingi wapate cha kusengenya, wakatoka kapa.

Atika alikuwa mpangaji. Nyumba aliyokaa ilikuwa mali ya Bi Lubaba, mwanamke mzee mwenye huruma, aliyemkodishia kwa miaka kumi kwa shuka moja ya sufi kila mwaka. Hati iliandikwa mbele ya mashahidi wawili, na Atika mwenyewe akaifunga kwa uzi wake wa buluu. Kisha akamwachia Bi Lubaba amwekee amana, kwa kuwa kwake panya walikuwa wengi. Ukapita mwaka wa sita, na Bi Lubaba akafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Atika ndiye aliyemwosha, na jirani yake Ummu Habban akimimina maji huku amegeuza uso, kama adabu inavyotaka. Mwili wote wa maiti ulikuwa mlaini, ukigeuka atakavyo mwoshaji, isipokuwa mkono wa kuume. Mkono ule ulikuwa umefumbwa, na vidole havikusogea hata kidogo. Atika hakuvuta kwa nguvu. Aliinama sikioni pa maiti akasema taratibu, "Fungua, mama, nikuoshe. Siri yako ni siri yangu."

Vidole vikafunguka kimoja kimoja, kuanzia kile cha mwisho.

Kiganjani palikuwa na pembe ya karatasi iliyochanika, na juu yake kipande cha uzi wa buluu. Atika akaelewa yote: mtu ameinyakua ile hati mkononi mwa mama huyu akiwa katika sakarati ya mauti, na mama hakuiachia yote. Akakiosha kiganja, akairudisha ile pembe mahali pake. Wala hakuhitaji kuufumba ule mkono, kwani vidole vilijifumba vyenyewe.

Udongo wa kaburi haujakauka, akaja Mundhir, mwana wa pekee wa marehemu na mrithi wake.

"Toka nyumbani mwangu," alisema. "Mama amekufa, na maneno yake yamekufa."

"Mwanangu, muda wangu haujaisha. Imebaki miaka minne."

"Iko wapi hati?" Naye aliuliza huku akimkazia macho, kama mtu anayetaka kujua mwenzake ameona nini.

Atika akainamisha kichwa. "Mola anajua ilipo."

Jibu hilo lilimtia Mundhir hofu kuliko tusi. Kesho yake alileta mafundi wakang'oa mlango na kuondoka nao. Mjane akabaki na ufunguo usio na mlango, akalia kwa uchungu, maana hakuwa na ndugu wala pa kwenda. Akaanza kufunga mizigo yake.

Ummu Habban akaja mbio. "Weka chini mzigo huo, dada yangu! Atokaye kwa miguu yake huhesabiwa ameridhia. Shika ufunguo wako, twende kwa kadhi. Mpangaji hatolewi kwa ubabe wa mtu, hutolewa kwa hukumu." Kisha akanong'ona, "Na ulichokiona mkononi mwa marehemu, kiseme."

"Niliona mkono," akajibu Atika.

"Basi utalala njiani kwa ukaidi wako," akasema jirani, naye alikuwa anampenda.

Kadhi alikuwa safarini, na wakaambiwa wangoje siku saba. Katika siku hizo watu wa mtaa walianza kukwepa njia ile. Wapitao adhuhuri, jua likiwa utosini, walimwona mwanamke mzee ameketi penye kizingiti kisicho na mlango, nguo zake zinachuruzika maji, mkono mmoja umefunguka magotini na mwingine umefumbwa. Wakirudi kutazama, hayupo. Mbwa wa mtaani walifika pale wakasimama, masikio chini, wasivuke. Atika hakuona kitu. Alisikia tu harufu ya kafuri na majani ya mkunazi, vitu vya kuoshea maiti, kila alipotoka kusali, na kila siku kizingiti kilikuwa kimelowa.

Siku ya nane wakasimama mbele ya kadhi. Kadhi akasema, "Ukodishaji haufi kwa kufa mwenye nyumba, mrithi hurithi nyumba pamoja na ahadi iliyo juu yake. Lakini mdai huleta ushahidi. Wako wapi mashahidi wako, mama?"

"Mmoja amefariki, mwingine amehamia Makka."

"Huna lingine?"

Ummu Habban akamkanyaga mguu chini ya baibui. Atika machozi yakamtoka. Alijua kwamba neno moja lingemrudishia nyumba. "Ninalo, ewe Kadhi, lakini limo katika niliyoyaona nikiosha, na hayo si yangu kuyasema."

Kadhi akahuzunika. "Basi kiapo ni cha anayekanusha. Mundhir, weka mkono juu ya msahafu, uape kwamba mama yako hakumkodishia huyu."

Mundhir akanyoosha mkono wa kuume. Kabla haujagusa, kidole cha mwisho kikakunjika, kikafuata cha pili, mpaka mkono wote ukafumbana. Akajaribu kuufungua kwa mkono wa kushoto, asiweze. Askari wa mahakama akamsaidia, asiweze. Baraza lote likanuka kafuri, na Mundhir akapiga ukelele ambao waliousikia hawakuusahau: "Mama, niachie! Mama, nilikunyang'anya, niachie!"

Akaungama pale pale. Ndiye aliyeivuta hati na kuichoma, na ile pembe ilimshinda kuitoa.

Atika akasimama mbali kidogo, akasema kwa sauti ile ile ya josho, "Fungua, mama. Amana yako imefika."

Mkono ukafunguka. Kiganjani palikuwa na alama nne za kucha, mbichi, zinavuja damu. Na Mundhir alikuwa amekata kucha zake Ijumaa.

Kadhi akahukumu mlango urudishwe siku hiyo hiyo, na Atika akae mpaka muda wake utimie. Ulipotimia, hakuongeza hata siku moja. Alifagia nyumba, akampelekea Mundhir ufunguo. Mundhir akamsihi abaki, kisha akauliza, "Mama Atika, ulijua tangu siku ya josho. Kwa nini hukunichongea?"

"Sikukuficha wewe," akasema. "Nilimsitiri mama yako. Hakupenda watu wajue amemzaa nani."

Mundhir akalia. Akampa ile nyumba iwe yake maisha yake yote, wala hakuna aliyeonekana tena kizingitini.

Enyi ndugu, anayeonewa asione haya kubisha mlango wa kadhi, wala asiitupe haki yake kwa hofu. Lakini tumtazame mama huyu, aliyeweza kuipata haki yake kwa kumfedhehesha maiti, akachagua kungoja. Mola atujaalie waosha maiti wa mfano wake, siku tutakapolazwa ubaoni na yaliyofichwa mikononi mwetu.