Wa Mwisho Abaki Kwangu

Paukwa! Ala, mmelala? Paukwa! Pakawa! Haya, sasa nawasikia. Hapo zamani za kale wanyama wa nyikani walikuwa na shule, na mwalimu wao wa michezo alikuwa Fisi. Msiniulize nani alimwajiri.

Kila mwezi ulipoandama, Fisi aliwapima watoto mbio. Walizunguka kichuguu mpaka pumzi zikawaishia, naye akaimba kivulini:

"Wa kwanza aende kwao, wa kati aende kwao, wa mwisho abaki kwangu!"

Eti abaki kwa mazoezi ya ziada! Siku moja alibaki mtoto wa Digidigi. Kesho yake hakuonekana.

"Amehamia shule nyingine," alisema Fisi, huku akichokonoa meno.

Bi Nungunungu aliposikia, alianza kuwaza. Binti yake, Miba, sasa ndiye aliyekuwa mzito kuliko wenzake wote waliobaki, na mbio zilimbana kifua. Mtoto gani anahama bila kumuaga mama yake? Na huyu mwalimu, mbona kila baada ya kipimo ananenepa? Akamfuata.

"Mwalimu, hao wa mwisho unawafanyia nini?"

"Nawasaidia, mama. Kipimo kinanionyesha aliye dhaifu."

"Na aliye dhaifu unamtakia nini?"

Fisi akacheka, akacheka, akacheka. Bi Nungunungu akarudi kwake na wasiwasi maradufu. Akawaita watoto, akawaambia, "Safari hii fikeni bega kwa bega. Asiachwe mtu."

Mwezi ukaandama. Watoto wakakimbia wamembana Miba katikati, miiba ikawachoma, wakavumilia. Wakafika pamoja.

"Nani wa mwisho?" Fisi akauliza.

"Hayupo, Mwalimu!"

"Rudieni!" Wakarudia. "Nani wa mwisho?"

"Hayupo, Mwalimu!"

"Rudieni tena!" Wakarudia tena. "Nani wa mwisho?"

"Hayupo, Mwalimu!"

Fisi akapandwa na hasira. "Nakimbia nanyi mwenyewe, nimwone huyo mzembe!"

Lo! Na tumbo lile? Watoto walifika, wakapumzika, ndipo Fisi akatokea akihema. Wakamwimbia: "Wa kwanza aende kwao, wa kati aende kwao, wa mwisho abaki kwetu!"

Nyuma ya kichuguu wakachomoza kina mama, Bi Nungunungu mbele, miiba imemsimama. Fisi alitoka mbio ambazo hakuwahi kumfundisha mtu, na mwiba matakoni. Wote walicheka, isipokuwa Mama Digidigi.

"Vipimo vifutwe!" wazazi wakapiga kelele.

"Hapana," alisema Bi Nungunungu. "Mbio hizo ndizo zilizonionyesha kwamba kifua cha mwanangu kinabana, nikamtafutia dawa. Tupime, lakini sote tukiwa tunatazama."

Tangu hapo kila mtoto alichomeka mwiba wa nungunungu pale pumzi ilipomwishia, na mwezi ulipoandama tena alishindana na mwiba wake tu. Hakuna aliyetangazwa kuwa wa mwisho. Hata hivyo, kila kipimo Mama Digidigi alikuja, akasimama njiani, akawahesabu watoto wote mpaka wa mwisho wao akafika kwao.

Hadithi yangu imeishia hapo, na pumzi yangu pia. Atakayekuwa wa mwisho kwenda kulala afukie moto. Asiogope, tunamsubiri mlangoni.