Hodi ya Korongo

Siku korongo alipopoteza sauti yake walikuwepo watu watatu. Alikuwepo Casilda, mjane wa mpiga kengele, aliyeishi peke yake katika chumba cha juu cha mnara. Alikuwepo Obdulia, mwoka mikate, ambaye tanuri lake lilikuwa chini ya mnara huohuo. Alikuwepo Fermín, fundi mawe, aliyekuwa akiziba nyufa za ukuta wa mji. Korongo naye alikuwepo, ila yeye hakuna aliyemhesabu.

Huo ulikuwa mji mdogo wa mawe, mbali sana kaskazini, katika nchi ya Hispania. Lakini habari yenyewe inaanzia huku kwetu, kwenye majaruba ya mpunga, kwa sababu korongo ni wa huku na wa huko.

Wakati ule korongo alikuwa na sauti. Haikuwa sauti kubwa, lakini mwanamke aliyekuwa akipalilia aliweza kunyoosha mgongo na kusahau maumivu ya kiuno akiisikiliza. Tena alikuwa ndege mwenye adabu. Adabu hiyo alifundishwa na Bi Sikudhani, aliyelima jaruba la mwisho kabisa, kando ya matete. Korongo alipotua pale mara ya kwanza, akaanza kudonoa bila kusema neno, Bi Sikudhani hakumrushia donge la udongo kama wengine walivyofanya. Alijifuta tope mikononi, akamwambia:

"Mwanangu, kwa mtu hakuingiwi kama upepo. Unapiga hodi. Mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Ukiitikiwa, ingia ule. Usipoitikiwa, geuka uende zako bila kinyongo. Huenda ndani kuna mgonjwa."

Korongo akalishika hilo. Kila asubuhi alisimama kwenye tuta na kuita, "Hodi!" Bi Sikudhani naye, hata akiwa ameinama, alijibu, "Karibu, mama, karibu. Vyura wako wako pale pembeni." Na kweli, kipande cha pembeni hakuwahi kukipalilia, ili vyura wapate pa kujificha na mgeni wake apate chakula. Majirani walisema ni uvivu. Yeye akaendelea kukiacha vilevile.

Mwaka mmoja mvua zikakataa. Majaruba yakapasuka, vyura wakaisha, na korongo wakaruka kwenda kaskazini kutafuta maji. Juu ya jangwa wakakutana na dhoruba ya mchanga. Ilipotulia, korongo wetu aliangalia kulia na kushoto, asimwone mumewe wala mwenzake yeyote. Aliendelea kuruka peke yake mpaka akauona ule mji wa mawe, na mto ukiuzunguka. Alikuwa na mayai tumboni. Alijihisi, akajua hana zaidi ya siku saba. Akiyataga chini, mbweha watayala.

Mji ule ulikuwa na mambo mengi ya kutazamwa, na wageni walitoka mbali kuja kuyaona. Kulikuwa na daraja la matao lililojengwa na Warumi wa kale. Kulikuwa na ngome iliyobomoka juu ya mwamba, chemchemi ya maji moto, na nje ya mji msitu wa mialoni. Popote pale palimfaa ndege kujenga. Lakini korongo hakufundishwa kujenga kwa watu bila kukaribishwa. Akatua juu ya daraja, akakunja mbawa zake vizuri, akaita:

"Hodi! Hodi! Hodi!"

Hapo ndipo kosa lilipoanza. Kwa lugha ya watu wale kuna neno, oíd, nalo linakaribiana sana na hodi yetu. Maana yake ni sikilizeni. Ndilo neno ambalo mpiga mbiu wao alianza nalo kila alipokuwa na tangazo, na desturi ilikuwa kwamba likishasikika, kila mtu hunyamaza kabisa mpaka habari itolewe. Basi korongo alipoita, mji mzima ukanyamaza. Fermín aliacha nyundo hewani. Obdulia alisimama na koleo la mikate mkononi. Juu mnarani Casilda alifungua dirisha, akatega sikio.

Korongo akasikia ukimya. Akajua amekataliwa. Akageuka, akaenda zake bila kinyongo.

"Ametangaza nini?" akauliza Obdulia.

"Bado hajatangaza. Subiri," akasema Fermín.

Wakasubiri mpaka mikate ikaungua.

"Mpiga mbiu gani huyu, anatuita halafu hasemi?" akasema Obdulia. "Au ni mkeo, Fermín? Si ndivyo anavyokuita, ukifika kashasahau alichotaka?"

Fermín akacheka. Casilda, ambaye hakuwa na mtu wa kucheka naye, akafunga dirisha.

Siku ya pili korongo akapiga hodi kwenye ngome, siku ya tatu kwenye ukuta, halafu kwenye chemchemi. Kila mahali palinyamaza. Kadiri alivyoita kwa heshima, ndivyo watu walivyonyamaza kwa heshima. Hata watoto wachanga walitiwa titi mdomoni ili wasilie. Siku ya tano akaenda msituni, lakini wakata kuni nao wakashusha mashoka yao, wakatulia kimya.

Siku ya sita akafika kwenye ufa mkubwa wa mawe ambamo mto hupita, wenye kuta ndefu pande zote mbili. Akaita hodi. Kwa mara ya kwanza akajibiwa. Sauti kutoka ndani ya mawe ikasema, "Hodi... hodi..."

Korongo akadhani humo mna ndege mwingine kama yeye, anayeomba pa kulala. Akasema kwa huruma, "Mwenzangu, mimi nami ni korongo tu."

"Korongo tu... korongo tu..." ikajibu sauti.

Siku nzima alikaa pale akizungumza na mwenzake yule asiyeonekana, akaimaliza sauti iliyobaki. Ndiyo sababu mpaka leo huku kwetu bonde lenye kuta za mawe nalo huitwa korongo. Lilijitaja lenyewe.

Siku ya saba mvua ya baridi ilinyesha. Mahali pamoja tu ndipo palikuwa pamebaki, mnara wa kengele. Korongo akatua juu ya paa. Akafungua mdomo aseme hodi, sauti haikutoka. Akajaribu tena, hewa tupu. Mara ya tatu, kwa kutetemeka kwa baridi na uchungu wa mayai, midomo yake miwili ikagongana: ko-ko-ko-ko-ko.

Chini ya paa lile Casilda alikuwa amekaa na vikombe viwili mezani. Tangu mumewe afe, miaka kumi na mmoja, aliendelea kuweka viwili. Wageni wengi walipanda mnara ule, lakini hakuna aliyemjia yeye. Walikuja kutazama mto, na dirisha zuri lilikuwa kwenye chumba chake, basi walimwomba asogee kidogo. Alisogea. Wakimaliza walishuka.

Sasa akasikia ko-ko-ko-ko. Halikuwa neno la mpiga mbiu, kwa hiyo hakunyamaza. Ulikuwa mlango unaogongwa, na mtu anayegonga mlango anamtaka mwenye nyumba.

"Pasa!" akasema Casilda. Sauti yake ilikwaruza kwa kutotumika. "Pasa, pasa!"

Kwa lugha yao maana yake ni ingia. Korongo hakujua. Yeye alisikia neno la nyumbani, pasa. Inapasa. Yafaa akae.

Casilda alifungua mlango, hakukuwa na mtu. Akashuka ngazi zote mpaka kwa Obdulia.

"Nani kapanda kwangu?"

"Hajapanda mtu, jirani, na mvua hii. Lakini shika mkate, usirudi mikono mitupu."

Akapanda tena na mkate chini ya shali. Ko-ko-ko, ikasikika juu ya kichwa chake. Akasukuma kifuniko cha darini, akatoa kichwa mvuani. Wakatazamana, mwanamke aliyelowa na ndege aliyelowa. Casilda aliangalia lile tumbo lililoshuka, akaelewa mara moja kuwa anataka kutaga. Alirudi ndani, akachukua fagio lake, akalivunja kwenye goti, akamtandikia njiti chache. Hazikutosha. Ndipo akaegemea nje ya dirisha, akaita kwa nguvu zake zote:

"Fermín! Niletee gurudumu la mkokoteni, lile bovu!"

"La nini, Casilda?"

"Nina mgeni!"

Fermín alilibeba gurudumu mgongoni ngazi zote zile, na Obdulia akilisukuma kutoka nyuma na kumtukana kwa kupumzika mno. Walipolifunga juu ya paa, liwe kitako cha kiota, wakaingia chumbani kupumua. Casilda, kwa mazoea, akaondoka dirishani ili waone mto.

"Kaa, kaa," akasema Fermín. "Mto nimeuona tangu nizaliwe."

Akakinywea kile kikombe cha pili.

Jioni ile korongo alitaga yai la kwanza. Vifaranga walipoanguliwa walitaka kujifunza kusema, lakini mama hakuwa na sauti ya kuwafundisha. Aliwafundisha kugonganisha midomo, nao wakaja kuwafundisha vifaranga wao.

Mvua zilipokubali tena huku kwetu, korongo akarudi. Akasimama juu ya tuta la Bi Sikudhani, akagonga mara tatu. Bi Sikudhani alikuwa ameinama. Masikio yake yalikuwa yakingoja sauti, kama yalivyongoja msimu mzima, kwa hiyo alidhani kuna mtu anavunja matete makavu. Hakuitika. Korongo akageuka, kwa adabu ileile aliyofundishwa na mwanamke yuleyule, akaenda kusimama mbali kwa mguu mmoja, akiwa na njaa.

Siku nne walikaa hivyo, kila mmoja akimkosa mwenzake aliye mbele yake. Bi Sikudhani alikiona kipande cha pembeni kimejaa vyura wasioguswa, moyo ukamuuma. Asubuhi ya tano, kabla hajainama, alisema peke yake, hakuna aliyemwomba: "Karibu, mama. Popote ulipo, karibu."

Korongo akashusha mguu wake, akaingia.

Ndivyo ilivyo hata sasa. Kule kwenye miji ya mawe korongo hukaa juu ya minara na kugonga mlango usioonekana, na watu hawamfukuzi. Huku kwetu husimama ukingoni kwa mguu mmoja bila kusema kitu, na mwanamke anayeingia jarubani alfajiri hutoa karibu kwanza, hata kama haoni mtu.

Na kule mnarani kwa Casilda, mwaka uliofuata, Fermín alipandisha gurudumu la pili, la mgeni mwingine.