Gauni Lisilochomwa

Mwanamke mmoja alikuwa na nyumba ya udongo nyuma ya soko, na uani mwake alichimba shimo la moto. Jina lake Sijaona. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto, wala hakuwa na ulimi mtamu. Asubuhi akienda kununua dagaa aliwakuta vijana wamelala juu ya meza za wauza nyanya: mmoja alimvunja baba yake mkono, mwingine aliiba kengele ya shule, wengine pombe ya gongo ilikwisha kuwababua midomo. Mama zao walipita hapo hapo na vikapu, wakatazama upande wa pili. Sijaona alisimama mbele yao akasema, "Anayetaka uji anifuate. Asiyetaka aendelee kunuka."

Wakamfuata wanne. Nyumba ile ilianza hivyo. Hakukuwa na mkutano wala kibao.

Ilikuwa na sheria moja. Kijana akifika, anavua alichokuja nacho mwilini, Sijaona anakitupa shimoni kiungue mpaka kiishe, kisha anampa kaniki mpya ajifunge. Nguo ikiungua, hakuna anayemuuliza habari za alikotoka. Wapo waliotaka kusimulia wenyewe, machozi yakiwatoka. Aliwakatisha: "Moto haujakuuliza, na mimi sikuulizi. Kamata mchi." Wakatwanga. Wengine walitoroka, wengine walimwibia masufuria, sitawadanganya. Lakini wengi walitulia, wakajua kazi, wakaoa, wakaolewa, na watu wa mji wakasahau walikuwa nani. Dawa ya nyumba ile ilikuwa huko kusahauliwa.

Mwaka wa mwisho wa uhai wake aliletewa binti aitwaye Mwasiti. Alivaa gauni la njano lililochanika begani, lina damu isiyo yake. Sijaona alikuwa kitandani, miguu imevimba. Akamwita Chilumba, mtoto wa kaka yake, ambaye alimsaidia kazi, akamwambia akalichome.

Chilumba hakuwa mtu mbaya. Mnisikilize hapo, maana mtatafuta pa kujificha. Alikuwa amesoma kidogo, akapenda kuwaza ya mbele. Akajiuliza, shangazi akifa nani ataamini kazi aliyoifanya? Akachoma gunia bovu. Mgonjwa akasikia harufu ya moshi, akalala ameridhika. Gauni likaingia sandukuni.

Sijaona akafa. Mwasiti alikwisha kujua kushona, akapata cherehani, akakaa kwenye baraza la duka moja akishona sare za shule. Fundi seremala akamwoa. Akazaa. Wateja walimwita Mama Upendo, na aliyekumbuka gauni la njano hakuwapo, ila Chilumba.

Kule kwenye nyumba ya marehemu, iliyobaki mikononi mwa Chilumba, njaa ikaingia. Siku moja wakaja wageni, watu wa huruma, na gari limejaa magunia. Wakawakuta vijana wasafi wanatwanga muhogo na kutaniana. Wakatazamana. "Mbona hawa wazima? Shida iko wapi?" Wakageuza gari na magunia yao.

Walipokuja wengine, Chilumba alifungua sanduku. Akalitandaza gauni juu ya meza, akasimulia. Wageni wakalia mpaka wakaombana leso. Mwezi haukuisha, bati zikaja, na saruji, na mchele. Chilumba akawaza tena: kama nguo iliyotandazwa inaleta bati, iliyovaliwa italeta nini?

Akaenda barazani kwa Mwasiti. "Mwanangu, mara moja tu. Wadogo zako wanalala na njaa."

Mwasiti aliacha kukanyaga cherehani. Alikula uji wa nyumba ile; angekataaje? Akalivaa. Akasimama mbele ya wageni akasimulia yale ambayo Sijaona hakumuuliza hata siku moja.

Mara moja ikawa kila mwaka. Tena ikawa sherehe, na mji mzima ukaalikwa, maana kulikuwa na pilau. Shimo la moto likaota majani. Nguo za kila aliyefika zilikunjwa, zikafungwa kwa uzi, zikatiwa sandukuni. Vijana si wajinga. Waliona kwamba mwenye tambara baya kuliko wote ndiye anayewekwa mbele na kupewa nyama. Wakaanza kuchana mashati yao wenyewe. Kijana mmoja alilifua lake, akakaripiwa kwa kuharibu kazi.

Mwaka wa tano mama mkwe wa Mwasiti alikuja kula pilau. Akaliona gauni, akasikia hadithi ya kisu na damu. Hakugusa sahani. Kesho yake akamwambia mwanawe, "Kisu alikijua kabla hajakujua wewe. Lala naye, utakuja kuniambia." Sare za shule zikapungua barazani. Wanawake walipita na vitambaa vyao kwapani, wanatazama upande wa pili. Seremala alivumilia miezi minane, halafu akamchukua mtoto, akaenda zake.

Mwaka wa saba Mwasiti alikuja kuazima gauni siku tatu kabla ya sherehe, na tangu siku hiyo hakulirudisha. Alitembea nalo barabarani mchana kweupe, ananuka gongo, watoto nyuma yake. Chilumba akamkuta sokoni, akamwambia kwa upole, "Livue mwanangu, utalichafua. Wageni ni Ijumaa."

Mwasiti akamtazama sana. Akasema, "Bibi alinivua. Wewe ulinivisha. Sasa halivuliki."

Wakamkuta Alhamisi asubuhi juu ya meza za wauza nyanya, amekwisha kuwa baridi. Wanawake wa soko walipotaka kumwosha, ilibidi walikate gauni kwa mkasi, na mkasi ulikuwa wake mwenyewe wa kushonea. Wakalibeba mpaka uani kwa marehemu Sijaona, wakang'oa majani shimoni, wakawasha moto. Nao ndio hao hao waliopita na vitambaa kwapani. Moto wao ulichelewa miaka.

Chilumba alikuja mbio, hana viatu. Alikuwa analia kweli, tusimnyime hilo. Akasema, "Jamani msilichome. Hatuna jingine kama hilo."

Nyumba ipo mpaka leo. Ina ukuta, ina kibao, na sanduku limejaa.

Nawaona mnatikisa vichwa, mnamlaani Chilumba. Taratibu. Mwanao alipotea, akarudi, ukamchinjia kuku, ukawaambia majirani kwamba yamekwisha. Basi mbona mkigombana hata kwa chumvi gauni linatoka? Mbona shangazi zake wakija, kabla hawajanywa maji, umeshalitandaza? Moshi aliousikia siku ile ya kuku, ulikuwa wa kuchoma nini?